Technics ya mtumba: bei ya jina na hali ya mashine ni mambo mawili

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie mashine za santuri za madijei, hasa hizi zinazouzwa zikiwa zimeshatumika. Matangazo yake yanafanana: "Technics pea moja, orijino, haina shida, bei maelewano." Mnunuzi akishtushwa na bei anaambiwa, "Ndugu yangu, hii haishuki thamani. Ukiichoka unaiuza kwa pesa ileile." Neno hilo lina ukweli, na kwa sababu hiyo linawaponza wengi. Kutoshuka bei ni sifa ya jina. Hali ya mashine iliyo mezani ni habari nyingine kabisa, na vijana wanaoanza kazi ya udijei wanalipia ya kwanza wakidhani wamepata ya pili.

Tuanze na pale bei inapotoka. Technics ni jina la kibiashara la kampuni ya Matsushita ya Japani, ambayo leo tunaijua kama Panasonic. SL-1200 ya kwanza ilitoka mwaka 1972 na ilikusudiwa kusikilizia muziki nyumbani. Iliyoteka kumbi za dansi duniani ni SL-1200MK2 ya mwaka 1979: mota inayozungusha sahani moja kwa moja bila mkanda, kasi inayolindwa na fuwele ya kwatzi, na kile kitelezi cha kuongeza au kupunguza kasi kwa asilimia 8 ambacho madijei hukiita pichi. SL-1210 ni ndugu yake mweusi. Matoleo yaliyofuata, MK3, MK5 na mengine, yalibadilisha vitu vidogo tu, na kiwanda kiliendelea nazo hadi mwaka 2010 kilipoacha kuzitengeneza. Hapo bei za mtumba zikaanza kupanda. Mwaka 2016 jina likarudi sokoni na SL-1200GAE, zikatolewa 1,200 tu kwa bei ya wenye nazo. Mwaka 2019 ikaja SL-1200MK7, hii ikiwa imelengwa madijei, kwa dola 1,000 na ushei za Marekani.

Hiyo bei ya MK7 mpya ndiyo kipimo cha kwanza cha kupimia tangazo lolote. MK2 ya miaka 40, ambayo hakuna ajuaye ilikopita wala ilivyosafirishwa, haina haki ya kukaribia bei ya mashine mpya yenye dhamana, hata ikiwa imepigwa rangi mpaka inang'aa.

Sasa, kwa nini MK2 haishuki bei? Jibu liko kwenye spea. Kwa miaka 30 na zaidi kiwanda kilitoa mashine ya umbo lilelile, kwa hiyo kitelezi cha pichi, kitufe cha kuwashia na kuzimia, taa ya sindano, miguu, nyaya za sauti na hata mkono mzima unaobeba sindano vinapatikana, ama vipya ama vya kung'oa. Mashine moja iliyokufa inafufua tatu. Fundi yeyote anayeshika chuma cha kulehemu sawasawa anaweza kuirudisha kazini. Thamani hiyo ni ya kweli na inastahili kulipiwa. Lakini mtu ailipie kwa kujua kwamba ananunua uwezekano wa kutengenezeka, na kwamba gharama ya kutengeneza bado inamsubiri. Anayekuuzia MK2 yenye mkono uliolegea kwa bei ya MK2 nzima amekutoza mara mbili. Na spea za MK2 zisichanganywe na za MK7. Mota ya MK7 ni ya aina nyingine, haina kiini cha chuma, na sehemu zake nyingi haziingiliani na za zamani.

Kitazame kinyume chake kwa Vestax, kampuni nyingine ya Japani. PDX-2000 yake ilitengenezwa kwa watu wa kuskrachi: mkono wake mfupi ulionyooka unakaa kwenye mfereji wa santuri hata mkono wa dijei ukienda mbele na nyuma kwa nguvu. Kampuni ilifilisika mwaka 2014. Tangu hapo, kitelezi kikifa au saketi ikiungua unabaki kutafuta maiti ya mashine nyingine kama hiyo, na huku kwetu hazionekani mara kwa mara. Ubora upo, soko halipo. Ukiikuta nzima kwa bei ndogo na kazi yako ni kuskrachi, inunue uitumie mpaka mwisho wake, ila usihesabu kwamba utaiuza. Na kama sanduku lako limejaa santuri za zamani za benga, dansi au taarabu, iache. Mkono ulionyooka bila pembe kichwani hauilazi sindano sambamba na mfereji, sauti inachakaa kuelekea mwisho wa upande, na santuri ambayo hutaipata tena inaliwa bila sababu.

Halafu kuna kundi kubwa la katikati, mashine zinazofanana na Technics kwa sura lakini zenye majina mengine. Nyingi zinatoka kiwanda kimoja cha Taiwan kiitwacho Hanpin, kisha kila kampuni inabandika nembo yake na kuchagua vitufe vyake. Hapa kulipa zaidi kwa ajili ya nembo ni hasara tupu. Linganisha hali, linganisha mkono, kisha chukua iliyo nafuu. Wauzaji wake hupenda kutaja nguvu ya kuzungusha, kwa sababu nyingi zinaandikwa kilogramu-sentimita 4.5 huku MK2 ikiwa na 1.5 tu. Namba hiyo imekuwa chambo. Kilo moja na nusu inatosha kuifikisha sahani ya MK2 kwenye mizunguko 33⅓ kwa sekunde 0.7. Nguvu kubwa humsaidia anayeshika santuri kwa mkono mzito, basi. Namba inayohusu ubora ni kuyumba kwa kasi: Technics huandika asilimia 0.025, nyingi za kundi hili huandika 0.1. Kwenye ngoma nzito za klabu tofauti hiyo haisikiki. Kwenye noti ndefu ya akodioni au fidla, mwenye sikio anaweza kuisikia.

Za mkanda sizizungumzii sana. Mpira unanyooka na kukauka, sahani inachelewa kupata kasi, na ukiishika santuri kwa kidole mota inateleza. Ni za kusikilizia nyumbani. Tangazo linaloziita za dijei liruke.

Kabla hujazungumza bei, geuza mashine usome kibati cha nyuma. Mashine zilizouzwa ndani ya Japani ni za volti 100, za Marekani ni volti 120. Umeme wetu ni volti 230 hadi 240. Ukichomeka ya volti 100 kwenye ukuta wa Mombasa au Dar es Salaam, transfoma ya ndani inachemka, fyuzi inakatika ukiwa na bahati, na usipokuwa nayo saketi ya kugawa umeme inakwenda nayo. Baadhi ya mashine zilizotengenezwa kwa nchi mbalimbali zina swichi ya kuchagua volti chini ya sahani. Inyanyue sahani uitazame, na kabla ya kuigusa hiyo swichi chomoa waya ukutani. Ya Japani inatumika vizuri kabisa ukiwa na transfoma ya kushusha umeme hadi volti 100. Kila MK2 inakula kiasi cha wati 13, kwa hiyo transfoma ya wati 50 inabeba mbili bila kupata joto. Zinazouzwa madukani nyingi hushusha hadi 110 tu, na hiyo asilimia 10 ya ziada inageuka joto ndani ya mashine kila usiku. Tafuta ya 100. Habari njema ni kwamba umeme wetu wa hezi 50 hauiharibii Technics kasi, kwa kuwa kasi yake inaongozwa na kwatzi. Lakini baadhi ya mashine za mkanda zina mota inayofuata hezi za umeme, na iliyotengenezwa kwa hezi 60 ikija huku inazunguka mara 27.8 kwa dakika badala ya 33⅓. Hapo mwimbaji anasikika kama anayesinzia, na transfoma ya kushusha volti hairekebishi jambo hilo.

Kasi inapimwa bila kifaa chochote cha gharama. Bandika kipande kidogo cha karatasi ukingoni mwa sahani, weka pichi katikati, chukua simu yenye saa ya kuhesabu sekunde. Kwa 33⅓, mzunguko mmoja ni sekunde 1.8, kwa hiyo dakika tatu kamili ni mizunguko 100. Anza saa alama inapopita mbele yako, hesabu mia, simamisha. Ukipata sekunde 180, ukikosea nusu sekunde huku au kule, kasi ni nzuri. Kisha peleka pichi juu mpaka mwisho: asilimia 8 ya ziada ni mizunguko 36 kwa dakika, yaani dakika tatu zitoe 108. Chini mpaka mwisho, dakika tatu zitoe 92. Kwa kasi ya 45 zitoe 135, na kwa mwenye santuri ndogo za Afrika Mashariki kipimo hiki cha 45 ndicho cha kwanza, maana ndizo atakazopiga. Nukta za ukingoni nazo zinasaidia: kwenye MK2 safu ya nukta kubwa inapaswa kusimama tuli chini ya taa nyekundu pichi ikiwa sifuri.

Ukinunua pea, pima zote mbili. Moja ikiwa na kasi ya juu kwa nusu asilimia tu, nyimbo mbili za mapigo 120 kwa dakika zitakuwa zimepishana zaidi ya nusu pigo ndani ya dakika moja, na dijei ataonekana hajui kazi ilhali kosa si lake.

Kitelezi chenyewe kisogeze polepole kutoka chini hadi juu huku ukitazama nukta. Zinapaswa kubadilisha mwendo kwa ulaini. Zikiruka mahali fulani, njia ya kaboni ndani imechafuka au imelika. Uchafu unasafishwa kwa dawa ya kontakti baada ya kukitoa kitelezi nje. Kupulizia dawa kupitia ufa wa juu kunaondoa grisi inayokifanya kiwe laini na kunasukuma vumbi ndani zaidi. Kilichochakaa kinabadilishwa. Bonyeza pia kitufe cha kusimamisha: sahani isimame bila kurudi nyuma. Ikirudi kidogo, breki inahitaji kurekebishwa kwa bisibisi kwenye saketi. Ni kazi ndogo, itumie kupunguzia bei, usiikatae mashine kwa ajili yake.

Sasa mkono. Hapa ndipo ubora wa mashine ya santuri unapokaa, na hapa ndipo wanunuzi wengi hawatazami, kwa sababu mkono mbovu unaonekana sawa na mkono mzima. Weka kichwa chenye katriji, kile kidude kinachoshika sindano, zungusha uzito wa nyuma mpaka mkono uelee wenyewe sambamba na sahani, na gurudumu dogo la kuzuia mkono usivutwe ndani liwe sifuri. Upulizie mkono pumzi ndogo kutoka pembeni, kama unayepoza chai. Mzima unasogea na kusimama taratibu popote. Unaosita mahali palepale kila mara una beringi iliyochubuka. Kiwanda kinadai msuguano usizidi miligramu 7, na kidole hakiwezi kupima hivyo, lakini pumzi inaweza. Kisha lipeleke lile gurudumu kwenye 3: mkono uanze wenyewe kwenda nje kuelekea kishikio chake. Usipokwenda, ama springi imechoka ama beringi inakwama.

Baada ya hapo shika mkono karibu na nguzo yake kwa vidole viwili, usukume na kuuvuta kwa upole, mbele na nyuma, juu na chini. Haupaswi kucheza hata kidogo. Ukihisi mgongano mdogo, kama jino linalotikisika, beringi imelegea. Sababu yake mara nyingi ni safari. Mashine imefungwa kwenye kontena ikiwa na uzito wa nyuma na kichwa vyote mahali pake, na kila mtikisiko wa bahari na barabara ukaupigisha mkono kwenye ncha zake ndogo za chuma. Mkono uliolegea tu unakazwa na fundi kwa skrubu za ncha, kwa kusogeza sehemu ndogo sana ya mzunguko na kurudia jaribio la pumzi kila hatua. Ulioshika alama ndani haukaziki, unabadilishwa mzima, na mkono ni miongoni mwa spea za bei ya juu kabisa. Kwa hiyo mkono uliokwaruzika ndani unapaswa kuondoa kwenye bei gharama yote ya mkono mpya na ufundi wake. Muuzaji akisema, "Si mbona inapiga?", inapiga leo kwenye santuri tuli, mezani, kwa sauti ya chini. Besi ya ukumbini ikitikisa meza, ndio huo unaoruka.

Pwani tuna tatizo letu jingine. Pete ya kupandisha na kushusha kimo cha mkono, yenye milimita 0 hadi 6, huganda kwa grisi iliyokauka na hewa ya chumvi. Legeza kufuli yake uizungushe. Isipozunguka, usikubali mtu aishike kwa koleo. Inatiwa tone la mafuta ya kulainisha, inaachwa usiku, inajaribiwa tena kwa mkono. Pini nne za ndani ya shingo ya kichwa nazo hushika kutu ya kijani. Kifutio cha penseli kinatosha kuzisafisha.

Inyanyue sahani kwa yale matundu mawili, ipindue. Chini yake kuna pete ya sumaku, na sumaku hiyo ndiyo nusu ya mota. Itazame kwa tochi: nyufa, kutu, vipande vya chuma vilivyonasa. Skrubu ndogo iliyopotea ndani huishia hapo, na ndiyo inayotoa ule mlio wa kukwaruza ambao muuzaji atakwambia ni wa kawaida. Hakuna mlio wa kawaida. Ukiikuta mashine imefika kwa meli ikiwa na sahani yake mahali pake bila kufungwa, chunguza ekseli kwa makini zaidi, kwa sababu uzito wote wa sahani umekuwa ukiipiga njia nzima. Ekseli inataka matone mawili matatu tu ya mafuta mepesi kila baada ya saa 2,000 za kazi. Mafuta ya cherehani yaliyo safi yanafaa, ya kupikia yanaganda na kuifunga, na grisi ni nzito mno.

Upande wa sauti ukiwa hausikiki, usikimbilie kulaumu mashine. Badilisha nyaya za kushoto na kulia kwenye mixa. Ukimya ukihama upande, tatizo liko kwenye mashine, ukibaki palepale ni mixa. Kisha jaribu kichwa kingine. Tatizo likihama na kichwa, ni katriji au vile vijiwaya vyake vinne: nyeupe na buluu ni upande wa kushoto, nyekundu na kijani ni wa kulia. Likibaki, ni nyaya za ndani ya mkono au zile za kutokea nyuma, na za nyuma ndizo hukatika zaidi, pale zinapoingia kwenye mwili wa mashine, kwa kuvutwa. Mvumo mzito unaonyamaza ukigusa chuma ni waya wa athi uliokatika au ambao haukufungwa kwenye mixa. Kubadilisha nyaya ni kazi ya mchana mmoja: miguu inatoka, kitako cha mpira kinafunguliwa, na kwa kuwa skrubu zake ni nyingi na urefu wake haulingani, zichomeke kwenye kipande cha kadibodi kwa mpangilio uleule zilivyotoka. Ndefu ikiingia mahali pa fupi inatoboa.

Anayetumia santuri za msimbo, zile zenye mlio wa ishara badala ya muziki, zinazoendesha programu ya kompyuta asidhani amesamehewa haya. Msimbo ule nao unasomwa na sindano, unapita kwenye mkono uleule na nyaya zilezile. Upande mmoja ukikatika, programu inapoteza mwelekeo na wimbo unayumba au unarudi kinyume.

Sasa vile vinavyopandisha bei bila kuongeza hata chembe ya ubora: boksi lake la kwanza, kifuniko cha plastiki kisicho na mikwaruzo, rangi mpya, taa za buluu zilizowekwa na mtu, toleo maalumu lenye dhahabu. Mashine iliyopigwa rangi nitaichunguza mara mbili, kwa kuwa aliyeifungua mpaka mwisho kupaka rangi huenda aliirudisha bila uangalifu. Na kuna kinyume chake, yaani kazi nzuri inayopunguza bei. Fundi akikata zile nyaya zilizoshikana na mwili na kuweka matundu ya kuchomekea, kama yalivyo kwenye MK7, mashine inakuwa bora kwa mtu wa kazi, waya ukikatika unabadilishwa kwa dakika moja. Lakini mkusanyaji atasema si orijino tena na atatoa kidogo. Wewe unayeitaka kwa kazi, hiyo ndiyo ya kununua. Ukifanya mabadiliko hayo kwenye yako, sehemu za zamani zitie kwenye mfuko uzihifadhi pamoja na mashine.

Sindano inayokuja na mashine ihesabu kuwa sifuri. Muuzaji anaweza kuongeza bei kwa sababu kuna Shure M44-7 kichwani, na kweli ilipendwa sana na Shure iliacha kutengeneza katriji mwaka 2018. Lakini ncha iliyolika inachimba santuri kama patasi. Itazame kwa kioo cha kukuzia: ukiona bapa linalometameta mahali palipopaswa kuwa mviringo, itoe. Sindano za kuingia kwenye katriji hiyo bado zinatengenezwa na Jico ya Japani. Unapoiweka, ncha iwe milimita 52 kutoka pale kichwa kinapoungana na mkono, uzito kati ya gramu 2 na 3 na usizidi 3, na ukiona dijei ameuweka uzito wa nyuma kinyume ili sindano isiruke, ujue huenda anaficha mkono mbovu.

Kuhusu hesabu ya thamani, nachukua namba za mfano tu. Tuseme MK2 moja inauzwa shilingi 90,000 za Kenya, inataka mkono na nyaya kwa 25,000, na baada ya miaka mitatu utaiuza kwa 90,000. Imekugharimu 25,000, ila kwa muda wote huo umefungia 115,000. Nyingine ya jina dogo inauzwa 45,000, iko nzima, inataka 3,000 za usafi, na baadaye utaiuza kwa 25,000. Imekugharimu 23,000, na kiasi cha 67,000 kimebaki mfukoni kununulia spika au santuri. Kwa anayeanza, hiyo ya pili ndiyo mashine bora, ingawa sokoni inaonekana duni. MK2 inashinda pale tu unapoipata ikiwa na mkono mzima na volti zetu, au kwa bei ambayo tayari imekatwa kasoro zake, au pale utakapoitumia miaka 15 na kuhitaji spea mara tano. Wenye kumbi wako kwenye kundi hilo la mwisho, na wao sina ugomvi na bei wanayolipa.

Ombi langu kwako Mhariri, na kwa wenye kutangaza katika kurasa zako, ni dogo. Tangazo la mashine ya santuri litaje volti zilizoandikwa kwenye kibati, mizunguko ya dakika tatu pichi ikiwa katikati, juu na chini, kama mkono unacheza au hauchezi, na kama nyaya za nyuma ni za kiwanda au zimebadilishwa. Ni mistari miwili tu, na mwenye mashine nzima anahitaji robo saa kuipata.

Wako katika ujenzi wa muziki,

Fundi wa vyombo vya muziki,
Mombasa